Nani Alikupa Ufagio?

Ligi ya Uingereza hufungwa mwezi wa tano, lakini Kibera haifungi mdomo hadi Septemba. Hiyo miezi mitatu isiyo na mechi ndiyo yenye kelele zaidi. Toka Makina hadi Gatwekera, toka Kawangware 46 hadi Congo, kila kinyozi ana bodi yake ya wakurugenzi, na kila bodi ina orodha ya watu wa kufukuzwa. "Huyu auzwe." "Huyu apeanwe hata bure." "Huyu akatwe mshahara ndio ajue hajui." Na kuna neno la kufunga mjadala, lile ambalo likitamkwa kila mtu anaitikia: "Fagia wote."

Mimi ni shabiki. Nasema mapema kwa sababu najua kuna msee atafika aya ya tatu aseme huyu ni mmoja wa wale watu wa vitabu wanaoona mpira ni ujinga. Chuo niliacha mwaka wa pili, na vitabu havijawahi kunilipia keja. Napenda msimu wa usajili kuliko mechi nyingi zenyewe. Ugomvi wangu ni na huo ufagio. Nataka kujua nani alitupatia, na kwa nini tunaushika kwa upande wa mwenye nyumba wakati sisi ndio vumbi.

Chukua Julai 2025. Manchester United walikuwa wamewatenga wachezaji watano: Marcus Rashford, Alejandro Garnacho, Jadon Sancho, Antony na Tyrell Malacia. Wanatakiwa kuondoka, na mpaka wapate pa kwenda wanafanya mazoezi saa zao, mbali na wenzao. Waingereza wakawapa jina la kikosi cha mabomu. Kwa base yetu Kawangware habari hiyo ilipokelewa kama harusi. Jamaa mmoja wa mjengo, Mashetani Wekundu wa damu, alikuwa ametoka kazini Lavington na simiti bado iko kwa viatu. Wiki hiyo foreman wao alikuwa amepunguza watu. Wanane waliambiwa Ijumaa jioni wasirudi Jumatatu. Nikamuuliza wale wanane walikuwa wamefanya nini.

"Hakuna kitu walifanya, buda. Kazi imepungua. Lakini si hivyo ndio unaambia mtu. Ijumaa, jioni, akiwa ameshaosha miguu?"

Dakika mbili baadaye tukarudi kwa Rashford. "Huyo atolewe hata leo usiku. Simu moja tu, kwisha."

Simcheki. Jamaa huyo ana kichwa kuliko watu wengi niliosoma nao. Anajua mkataba wa kila winga wa Ulaya unaisha mwaka gani, nani ana kipengele cha kuongeza mwaka mmoja, nani akiuzwa klabu yake ya zamani inapata asilimia. Anajua mkataba wa Garnacho, lakini mkataba wake mwenyewe hajawahi kuuona, kwa sababu haupo. Anaenda kwa mjengo asubuhi, anaandikwa kwa kitabu cha mkono, jioni anapewa mia sita. Kila kitu anachokijua kuhusu haki ya mfanyakazi amekijifunza kupitia wachezaji wa Manchester, halafu anakitumia kumtetea Jim Ratcliffe.

Na kuna kile kiambishi. Sikiza watu wakiongea: tumemnunua Gyökeres, tunamuuza nani, tuna mishahara mizito, tupunguze. Tu, tu, tu. Msimu huohuo Arsenal waliilipa Sporting ya Lisbon zaidi ya pauni milioni 50 kwa huyo straika wa Sweden. Kwa pesa yetu hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni 8. Nimemsikia kwa masikio yangu mtu anayedaiwa rent ya miezi miwili akisema, "Hiyo ni bei poa, tumeokota." Tumeokota nani? Na kwa mfuko wa nani?

Sina neno na "tu" ya goli. Goli likiingia pale kibanda cha mpira Olympic, watu mia wanaruka kwa benchi moja na benchi inavunjika, na hiyo "tu" ni ya kweli kabisa. Benchi ni yetu, shilingi hamsini za kuingia ni zetu, sauti imeisha ni yetu. Ninayogombana nayo ni "tu" ya ofisini. Hiyo inakufanya umtazame mtu anayefanya kazi kama wewe unavyofanya, kwa miguu na kwa muda, ukamwona mzigo. Na haikulipi hata senti moja kwa kazi hiyo ya kumtazamia bosi.

Sasa tuufuate huo ufagio Manchester tuone umefagia nini, maana base huwa hatuendi mbali kiasi hicho. Mwaka 2024, baada ya Ratcliffe kuingia na kampuni yake ya INEOS, klabu iliondoa watu kama 250. Hao si mawinga. Ni watu wa tiketi, wa ofisi, wa jikoni, watu ambao wengine walikuwa wameshinda hapo maisha yao yote. Februari 2025 ikatangazwa kwamba wengine kati ya 150 na 200 watafuata. Kantini ya wafanyakazi pale Old Trafford, waliyokuwa wanakula chakula cha mchana bure, ikafungwa. Wakabakishiwa matunda. Si utani, ilitangazwa hivyo: matunda. Na katika msimu huohuo klabu ilitumia zaidi ya pauni milioni 14 kumwondoa kocha Erik ten Hag na wasaidizi wake, pamoja na Dan Ashworth, mkurugenzi wa michezo aliyedumu miezi mitano.

Wakati huo ukisikiliza base, unasikia Ratcliffe anasifiwa. "Huyu mzee hana mchezo. Anasafisha." Anasafisha nani? Mama wa kantini. Na mtu anayemsifu ana mama anayepika maharagwe na chapati nje ya geti la kiwanda Industrial Area.

Huyo Rashford tunayetaka aondolewe kwa simu moja alilelewa Wythenshawe, mtaa wa watu wa chini hukohuko Manchester, na mama aliyekuwa anafanya kazi zaidi ya moja kuwalisha. Mwaka 2020, wakati wa korona, ndiye aliyeisukuma serikali ya Boris Johnson hadi ikageuza msimamo na kuwapa watoto maskini chakula wakati wa likizo ya shule. Sisemi hilo linamfanya afunge magoli. Nasema kijana aliyepigania sahani za watoto alikuwa anafukuzwa na ofisi ileile iliyoondoa sahani za wafanyakazi, na Kawangware tukachagua upande wa ofisi.

Wanabunduki msicheke, zamu yenu. Aprili 2020 wachezaji wengi wa Arsenal walikubali kukatwa mshahara kwa asilimia 12.5 kwa sababu ya korona. Mesut Özil akakataa. Base ikamchemkia: mchoyo, mvivu, mzigo. Agosti klabu ikatangaza kuondoa nafasi 55 za kazi, na kabla mwezi haujaisha ikamsajili Willian. Oktoba ikajulikana kwamba hata Jerry Quy anaondolewa, mtu aliyekuwa akilivaa vazi la Gunnersaurus, yule dinosaria wa kijani anayechekesha watoto uwanjani, tangu 1993. Siku habari hizo zilipotoka, Arsenal ilimaliza kumnunua Thomas Partey kwa pauni milioni 45. Na nani alijitolea kumlipa Quy mshahara? Yuleyule mchoyo. Özil aliandika hadharani kwamba atalipa yeye. Miezi mitatu baadaye alikuwa Fenerbahçe na sisi tulikuwa tunapiga hesabu ya pesa "tulizookoa".

Najua jibu. Nimelipata mara nyingi, mara ya mwisho kutoka kwa kondakta wa 46 aliyenizidi sauti hadi Yaya. "Wewe unalilia mtu wa mamilioni? Rashford analala kwa nyumba iko na vyumba vya kupotea ndani. Atakulilia wewe?" Ni kweli, hatanililia. Wala sisemi tumchangie. Mchezaji wa mamilioni ana wakala, ana wakili, ana mkataba ambao ukivunjwa unalipwa hadi shilingi ya mwisho. Nicolas Pépé alinunuliwa na Arsenal 2019 kwa pauni milioni 72, akaondoka 2023 bila klabu kulipwa chochote, na hakuna siku alilala njaa. Huyo ufagio wetu haumfikii.

Lakini mdomo hauna geti mbili. Lugha tunayoizoea kwa Rashford ndiyo tunayokuja nayo nyumbani, na nyumbani kuna watu inaowafikia.

Tanzania wana usemi: mchezaji akiachwa, amepewa "thank you". Imekuwa hata ya mtaani, mtu akiachwa na mpenzi amepewa thank you. Huku kwetu ni ujumbe wa mwezi wa sita au wa saba: klabu inawashukuru wachezaji wafuatao kwa mchango wao na inawatakia kila la heri. Yanafuata majina manane, kumi, mwaka mwingine yanazidi. Kipa wa tatu, beki aliyeumia goti, kijana wa miaka ishirini aliyeletwa Januari toka Kakamega akacheza dakika arubaini. Base za Kibera zenye kijani cha K'Ogalo na base za Kawangware zenye buluu na nyeupe ya Ingwe, watu wasiokubaliana hata juu ya hali ya hewa, hapo wanakuwa kitu kimoja: wangefagia zaidi.

Sijawahi kusikia hata mtu mmoja akiuliza kama hao waliofagiwa wamelipwa.

Na si swali la kubahatisha. Mwaka 2019 SportPesa, baada ya kuvutana na serikali kuhusu leseni na kodi, ilijiondoa kwenye mpira wa Kenya. Kwa mpigo mmoja Gor Mahia, AFC Leopards na ligi yenyewe wakabaki bila mdhamini. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye vifua vya Everton pia, na ndiyo iliyowaleta Everton na Wayne Rooney Dar es Salaam mwaka 2017 kucheza na Gor. Tulijiona tumefika. Pesa ilipokata, kocha wa Ingwe kutoka Rwanda, Casa Mbungo, alikaa miezi bila mshahara hadi mwishoni mwa 2019 akafunga mizigo. Alienda FIFA. Wachezaji wa kigeni waliokuwa wanadai nao wakaenda FIFA. Na 2021 AFC Leopards wakafungiwa kusajili. Patrick Aussems, Mbelgiji aliyewahi kuifundisha Simba, akajikuta anajaza nafasi na vijana kwa sababu klabu haikuruhusiwa kuandikisha mtu mpya. Gor nao wamewahi kufungiwa kwa madeni ya aina hiyohiyo.

Kwa hivyo hata ukiwa na roho ngumu, hata kama hujali yule beki anakula nini, piga hesabu ya kishabiki tu. Mliokuwa mnapiga kelele "sajili straika" msimu huo, straika hakuja kwa sababu kuna mtu alifagiwa bila kulipwa. Deni la mchezaji wa juzi ndilo lililofunga mlango wa mchezaji wa kesho. Halafu base ikamlaumu Aussems.

Angalia pia nani alienda FIFA. Kocha Mnyarwanda, wachezaji wa nje. Mtu wa nje anadai kwa sababu FIFA inasikiliza kesi za mtu aliyevuka mpaka. Mkenya anabaki hapa na vyombo vya hapa, na base yake. Namjua beki mmoja wa kushoto aliyeachwa na klabu ya ligi kuu akidai miezi minne. Siitaji klabu, na yeye hataki. Sasa ana pikipiki Kibera. Jumapili anachapa mpira Kamukunji na bado ndiye bora uwanjani, hata na tumbo. Nilimuuliza kwa nini hakudai.

"Nikidai wananiita msumbufu, kaka. Na msumbufu hasajiliwi. Halafu nikipita stage mafans wananiambia, si ulikuwa unauza mechi wewe, unataka kulipwa ya nini?"

Mafans ni sisi hao. Ofisi haikuhitaji kumtisha, tulifanya hiyo kazi bila malipo. Wachezaji wa Kenya wana chama cha kuwatetea, KEFWA, kinachotambuliwa na FIFPRO, ule muungano wa wachezaji wa dunia. Jaribu kukitaja kwa base uone nyuso. Watu wanaojua mawakala wa Ureno kwa majina ya ukoo hawajui kwamba chama hicho kipo.

Mchezaji naye akijiokoa mwenyewe, hiyo ni dhambi nyingine. Juni 2018 Gor iliifunga Simba 2-0 kwenye fainali ya SportPesa Super Cup kule Nakuru. Meddie Kagere akafunga, Jacques Tuyisenge akafunga, na tuzo ilikuwa safari ya kwenda Goodison Park kucheza na Everton. Haikuchukua wiki nyingi, Kagere akahamia Simba, walewale aliowafunga. Hakuenda kutalii. Alikuwa mfungaji bora wa ligi ya Tanzania misimu miwili mfululizo. Kibera aliitwa msaliti. Novemba Gor wakaenda Liverpool bila yeye wakala nne bila jibu, na bado kosa likawa lake. Mwaka uliofuata, Tuyisenge akaenda Angola, Francis Kahata akaenda Simba, na wimbo ukawa uleule: wanapenda pesa.

Ndio. Wanapenda pesa. Wewe unaenda kazini kupenda nini? Klabu ikiwaacha kumi kwa siku moja ni mkakati. Mtu mmoja akiondoka kutafuta mshahara ni usaliti. Mwombe shabiki yeyote akuelezee tofauti na utaona anaanza kuongea kama meneja wa kiwanda.

Ile ruhusa yenyewe ya mchezaji kumaliza mkataba na kwenda zake bila klabu kudai pesa, ile tunayoilalamikia tukisema "ameenda bure", ililipiwa na mtu. Jean-Marc Bosman alikuwa kiungo wa kawaida wa RFC Liège, Ubelgiji. Mkataba ulipoisha 1990 klabu ilitaka abaki kwa robo ya mshahara, na ikamzuia kwenda Dunkerque, Ufaransa. Alishtaki. Uamuzi ulitoka tarehe 15 Desemba 1995, na wakati huo mpira wake ulikuwa umekwisha. Wengine walitajirika, yeye aliangukia pombe na madeni. Hapa kwetu tuna Joe Kadenge, ambaye hata watoto ambao hawajawahi kumwona wanamtaja mtu akipiga chenga. Alipozeeka alikuwa akiendesha teksi humuhumu Nairobi. Alifariki Julai 2019, na City Stadium sasa ina jina lake. Kupewa uwanja ukiwa umekufa ni thank you kubwa kuliko zote.

Kuna kifungu cha sheria ambacho kingetakiwa kuchorwa kwa ukuta wa kila stage, badala ya Haaland. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 37. Kwa maneno ya base: kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi, au akipewa kazi ambayo kwa kawaida haiwezi kuisha kabla ya miezi mitatu, si kibarua tena. Anahesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi, na huwezi kumwondoa Ijumaa jioni bila notisi. Unadhani kwa nini viwanda vingine vinapenda kumpumzisha mtu siku chache kisha kumrudisha kama mgeni? Wale wanaotoka Laini Saba saa kumi na moja asubuhi wakifuata reli hadi Industrial Area, wasimame getini wachaguliwe kwa kidole, wanaujua huo mchezo hata kama hawajui namba ya kifungu. Wale kina mama wanaokaa Amboseli wakingoja kuitwa kufua nguo wanaujua. Kila siku kwao ni siku ya mwisho ya dirisha la usajili, na hakuna mwandishi wa habari anayesimama nje na kamera.

Mimi mwenyewe nimeushika huo ujumbe mkononi. Nilikuwa naandikia tovuti moja ya utabiri wa mechi, malipo kwa makala. Agosti nzima niliwaandikia usajili: nani anakuja, nani anatoka. Ya mwisho waliyoniagiza ilihusu wachezaji watano wa kuachwa. Nikaituma usiku. Baada ya siku tatu nikapata meseji: wamebadilisha mwelekeo, wananishukuru, wananitakia kila la heri. Makala kumi na moja hazijalipwa hadi leo. Nilipowasimulia wasee, mmoja, na ni rafiki yangu wa kufa kuzikana, aliniambia, "Labda ulikuwa umeshuka kiwango." Hakuwa ananitania. Alikuwa ananichambua.

Hapo ndipo mazoea haya yanatufikisha. Tumeshinda tukiwatazama watu kwa jicho la mwenye mali hadi hatuna jicho lingine. Jirani amefutwa, unauliza alikosea wapi. Dada yako amepunguzwa kwa hoteli Kilimani, unasema biashara ni ngumu. Tunaongea kama tuna hisa.

Sasa, kuna swali la haki na sitalikwepa. Timu ibebe kila mtu milele? Beki akizeeka, straika akikauka mwaka mzima, tumwimbie? Hapana. Aachwe. Mpira ni kushinda, na mimi ni wa kwanza kupiga kelele mtu akikosa goli la wazi. Naomba aachwe kama unavyotaka wewe uachwe: aambiwe mapema, alipwe anachodai, goti likiwa liliumia kwenye jezi yetu litibiwe. Baada ya hapo mchambue mpaka asubuhi. Na ukitaka kujua kwa nini Tusker, au Bandari, au Kenya Police waliochukua ligi ya 2025 kwa mara yao ya kwanza, wanawavuta wachezaji kutoka kwenye klabu zenye mashabiki mara mia, mwulize mchezaji yeyote. Hatakutajia historia wala nyimbo. Atakutajia tarehe ya mshahara. Base inasema Police "wananunua ligi". Sawa. Na sisi tunaikopa.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Hiyo "tu" tunayoitupa kwa Manchester, ambako hata mtu wa Manchester mwenyewe hana sauti mbele ya Ratcliffe na familia ya Glazer, hapa nyumbani ina maana. Gor Mahia ni klabu ya wanachama. AFC Leopards ni klabu ya wanachama. Zilianzishwa hivyo, Ingwe 1964 na K'Ogalo 1968, na watu wa mitaa hii hii. Mwanachama aliyelipa ada ana kura. Anachagua mwenyekiti, anachagua mweka hazina, ana haki ya kuuliza pesa ya mlangoni ilienda wapi na nani anadai nini. Ni mahali pekee duniani ambapo jamaa wa mjengo akisema "tumemwacha" anakuwa amesema kweli, kwa hivyo deni ni lake pia. Na ni mahali pekee ambapo hatusemi neno. Kwa Arsenal tuna bajeti ya miaka mitano, lakini kwa klabu tunayoweza kuifikia kwa matatu moja hatuna hata kadi.

Pale kati ya Kibera na Kawangware, kando ya Ngong Road, serikali inajenga uwanja wa Talanta, viti 60,000, kwa ajili ya AFCON 2027. Siku ukifunguliwa tutajaa, na itakuwa raha, sikatai. Lakini kabla ya hapo kuna mwezi wa sita mwingine, na orodha nyingine itatoka na yale maneno ya kila la heri. Kama una jezi ya kijani au ya buluu, chukua kadi ya uanachama mapema, maana siku ya mkutano ukifika bila kadi utabaki getini. Ukiingia ndani usichoke na hotuba. Ngoja wafike kwa taarifa ya fedha, kisha simama uwasomee ile orodha, jina moja baada ya lingine, na kwa kila jina uliza anadai ngapi.